Kabla ya Darasa la Kwanza: Nasari za Meru na Embu Zilianzia Wapi

Kila Januari, katika vilima vya Imenti na Igembe, katika mashamba ya majani chai ya Manyatta na Runyenjes, na huko chini kwenye joto la Tharaka na Mbeere, wazazi huulizana swali lile lile kuhusu mtoto wa miaka sita: yuko tayari kuanza shule? Anayeuliza huwa ana mambo machache akilini. Mtoto anazijua herufi? Anahesabu hadi 100 bila kuruka? Anaandika jina lake? Akisemeshwa Kiingereza anajibu? Vipimo hivi vimezoeleka mno, hata wengi wetu tunadhani vilikuwapo tangu shule ya kwanza ilipoezekwa, na kwamba nasari zilianzishwa kwa ajili yake. Historia ya Meru na Embu inaonyesha vingine. Nasari za huku zilianza kama mahali pa kuwalinda na kuwalisha watoto ambao mama zao walikuwa wamechukuliwa na kazi nyingine. Kazi ya kumkaririsha mtoto herufi ili apenye darasa la kwanza ilikuja baadaye, na ililetwa zaidi na uhaba wa nafasi shuleni kuliko mahitaji ya mtoto mwenyewe. Nitatetea jambo hili kwa ushahidi wa hapa hapa nyumbani, kwa sababu ni maeneo machache ya mashambani Afrika ambayo watoto wake wamefuatiliwa na watafiti kwa makini kama watoto wa Embu, na waliyoyaona yanaunga mkono kazi ile ya kwanza ya nasari.

Tumtazame kwanza mtoto wa kabla ya shule. Mama alipokuwa shambani, mtoto aliyekwisha kuachishwa ziwa alibaki mikononi mwa ndugu zake, hasa msichana wa miaka sita hadi kumi, aliyembeba mgongoni, akamwimbia, akamkataza kuusogelea moto. Akifika miaka minne au mitano naye alitumwa: kuomba kaa la moto kwa jirani, kuwafukuza kuku kwenye mtama ulioanikwa, kuwaangalia ndama wasiingie shambani. Usiku ulikuwa wa bibi, hadithi na vitendawili. Mvulana mdogo aliwajua mbuzi wa boma mmoja mmoja kwa rangi na pembe, na jioni alitambua aliyepotea kabla mtu mzima hajauliza. Malezi haya yalimwelekeza mtoto kwenye ufugaji, kilimo, tohara na rika lake, na hayakuwa na habari na ubao wala chaki. Sidai kwamba yalikuwa shule iliyofichika. Ninachotaka kikumbukwe ni kwamba ndani yake mtoto alikula pamoja na wenzake, na kutwa nzima alizungumzishwa na watu waliokuwa na nafasi ya kumsikiliza. Mambo hayo mawili tutakutana nayo tena.

Misheni zilipofika hazikubadilisha maisha ya mtoto mdogo mara moja. Waanglikana wa CMS walipoanza Kigari, Wamethodisti Kaaga na mapadre wa Consolata Mujwa, mwanzoni mwa miaka ya 1910, na hata Wapresbiteri walipofungua Chogoria mwaka 1922, wanafunzi wao wa kwanza walikuwa vijana na watu wazima waliotaka kusoma ili wabatizwe au wapate kazi. Hakuna aliyefikiria kumwandaa mtoto wa miaka minne kwa ajili ya shule, kwa kuwa shule yenyewe haikumngoja. Hata madarasa ya watoto yalipoongezeka, mvulana aliingia shuleni mdogo wake alipokuwa na nguvu za kumpokea kazi ya kuchunga, na hiyo ingeweza kuwa miaka minane, tisa au kumi. Ripoti ya Beecher ya mwaka 1949, iliyoweka mfumo wa elimu ya Waafrika nchini Kenya, iliuweka mchujo mkali mwishoni mwa darasa la nne na tena la nane. Mlango mwembamba ulikuwa huko juu. Darasa la kwanza lilimtaka mtoto awe amekua tu.

Kukua huko kulipimwa kwa njia ambayo wazee wa leo wanaikumbuka vizuri. Vyeti vya kuzaliwa vilikuwa adimu, na tarehe ya kuzaliwa ilikumbukwa kwa njaa au mvua ya mwaka fulani. Basi mwalimu alimsimamisha mtoto mbele yake, akamwambia aupitishe mkono wa kulia juu ya kichwa na kuligusa sikio la kushoto. Shingo ilitakiwa iwe wima, kwani wako waliojaribu kuinamisha kichwa ili vidole vifike. Vikifika, jina liliandikwa kwenye daftari. Visipofika, mtoto alirudi nyumbani kungoja mwaka mwingine. Kipimo hiki kilitumika katika nchi nyingi za Afrika na Asia, na kina mantiki: kichwa cha mtoto mdogo ni kikubwa kwa mkono wake, na ni kwenye miaka sita au saba hivi ambapo mkono unarefuka vya kutosha kukizunguka. Kilikuwa na makosa yake, kwa maana mtoto mwenye umbo dogo alibaguliwa bure. Lakini kilichopimwa ni ukuaji wa mwili. Hakuna aliyemuuliza mtoto mlangoni kama anazijua a, e, i, o, u. Hayo ndiyo aliyokuwa amekuja kufundishwa.

Nasari za kwanza zilizowagusa watoto wengi wa huku zilizaliwa katika machungu ya vita vya kupigania uhuru. Tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Evelyn Baring alitangaza Hali ya Hatari. Shule huru, ambazo wazazi walikuwa wamejijengea bila misheni, zilifungwa. Kuanzia katikati ya mwaka 1954 serikali ya kikoloni iliwaondoa watu kwenye maboma yao yaliyotawanyika na kuwasongamanisha katika vijiji vilivyozungushiwa ua na kulindwa na hom-gadi. Kufikia mwisho wa mwaka 1955 zaidi ya watu milioni moja wa Mkoa wa Kati, ambao wakati huo ulijumuisha Embu na Meru, walikuwa wamehamishiwa katika vijiji zaidi ya 800. Meru haikuguswa kwa usawa: kadiri watu walivyoishi karibu na msitu wa Mlima Kenya ndivyo mkono wa serikali ulivyokuwa mzito. Wanaume wengi walikuwa kizuizini, na kambi za Mwea, ambako maelfu walilimishwa, zilikuwa ndani ya wilaya ya Embu ya siku hizo. Kazi iliyobaki iliwaangukia wanawake. Waliamshwa alfajiri kuchimba barabara na matuta, na kulichimba lile handaki refu lililopita kandokando ya msitu ili kuwakatia chakula wapiganaji waliokuwa msituni. Saa za kwenda kwenye mashamba yao wenyewe zilipimwa, na njaa ikaingia vijijini.

Katika hali hiyo, nani angebaki na watoto? Ndugu wakubwa walikuwa shuleni au kazini, na mabibi walikuwa wamechoka na kuugua. Jibu lilikuwa kibanda cha nyasi katikati ya kijiji, wanawake wachache walioteuliwa kubaki, na chungu cha uji au maziwa ya unga. Idara ya Maendeleo ya Jamii, vikundi vya Maendeleo ya Wanawake vilivyoanza mapema miaka hiyo ya 1950, na wafanyakazi wa Msalaba Mwekundu walihusika kuziendesha sehemu hizi. Watafiti wa elimu ya awali wa Kenya wanazitaja, pamoja na zile za mashamba makubwa ya kahawa na chai, kama mwanzo wa nasari za Waafrika mashambani. Nasari zilizotangulia, za miaka ya 1940, zilikuwa za watoto wa Kizungu na Kihindi mijini. Ni lazima kusema wazi kwamba serikali haikufanya hivi kwa huruma tupu. Ilitaka mikono ya wanawake iwe huru kwa kazi ya lazima, na maziwa ya mtoto yalikuwa njia ya kuwavuta mama zao upande wake. Hilo ni doa ambalo historia ya nasari zetu haiwezi kulikwepa. Lakini waliokoroga uji, wakawafuta watoto makamasi na kuwaimbia nyimbo za kwao walikuwa wanawake wa kijiji wenyewe, na kazi yao ilieleweka na kila mtu: jioni mama amkute mtoto mzima, ameshiba, hajapotea.

Vijiji vilipovunjika na watu kurudi kwenye mashamba yaliyogawanywa upya na kupimwa, nasari hazikufa pamoja navyo. Sababu kubwa ni kwamba mama hakurudishiwa msaidizi wake. Yule msichana wa miaka minane aliyembeba mdogo wake sasa alikuwa anaandikishwa shuleni, na idadi ya kina yeye iliongezeka kila mwaka baada ya uhuru. Shule iliyomchukua mlezi ndiyo iliyomwacha mtoto mdogo peke yake. Ikaongezeka kahawa. Meru na Embu, pamoja na Kisii, zilikuwa kati ya sehemu za kwanza ambako Waafrika waliruhusiwa kupanda kahawa, katika miaka ya 1930, na baada ya Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, wa kuendeleza kilimo cha Waafrika, zao hilo lilienea vilima vizima. Kahawa haingoji. Ikiiva inachumwa siku hiyo, inachambuliwa, inapelekwa kiwandani, na mama anasimama kwenye foleni ya mizani mpaka giza liingie. Kwa mtu kama huyo nasari ilikuwa haja ya kila siku.

Ndiyo maana, Jomo Kenyatta alipoitisha Harambee mwaka 1963, nasari ilikuwa mojawapo ya vitu ambavyo wananchi waliweza kujijengea bila kungoja mtu. Kikundi cha akina mama kilichanga mabati, kanisa likatoa uwanja au ukumbi wake wa katikati ya wiki, kila mzazi akaleta unga na kuni, na binti aliyeishia darasa la saba akaitwa mwalimu. Mshahara wake ulikuwa ada za wazazi, zikilipwa. Serikali yenyewe iliziona nasari kama shughuli za ustawi wa jamii, na ziliwekwa chini ya wizara iliyoshughulikia mambo hayo hadi mwaka 1980, zilipohamishiwa Wizara ya Elimu ya Msingi. Kwa takriban miaka 17 baada ya uhuru, basi, hata kwenye karatasi za serikali nasari haikuwa ngazi ya shule.

Badiliko lililofuata lilitoka nje ya nasari. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 mtindo mpya wa kufundisha kwa Kiingereza kuanzia darasa la kwanza ulikuwa umeanza Nairobi na kusambaa, na Tume ya Ominde ya mwaka 1964 iliukubali. Mtoto wa Nkubu au Siakago aliyeingia shuleni akijua Kimeru au Kimbeere tu alijikuta nyuma ya aliyekwisha kuonjeshwa Kiingereza. Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ilirudisha heshima ya lugha ya mama katika madarasa ya mwanzo, na vitabu vya Tujifunze Kusoma Kikwetu vilichapishwa kwa lugha nyingi za nchi, lakini wazazi walikuwa wamekwisha kuona upepo unakovuma. Kisha, Desemba 1973, Kenyatta alifuta ada za darasa la kwanza hadi la nne. Mwaka uliofuata wanafunzi wa darasa la kwanza nchini waliruka kutoka karibu 380,000 hadi zaidi ya 950,000. Mwalimu mkuu mwenye chumba kimoja, mwalimu mmoja na watoto mia mlangoni alihitaji njia ya kuchagua. Mkono juu ya kichwa haukumsaidia tena, kwa kuwa wote walifika. Iliyokuwa karibu ni kuwachukua wale waliokwisha kuketi darasani na kushika penseli. Hapo ndipo nasari ilipoanza kugeuka tiketi.

Simlaumu mwalimu mkuu yule, na mzazi simlaumu hata kidogo. Mzazi aliyeona mtoto wa jirani anapokelewa na wake anarudishwa alichukua hatua ambayo mtu yeyote mwenye akili angeichukua. Aliidai nasari ifundishe kinachoulizwa mlangoni. Na kwa kuwa mshahara wa mwalimu ulitoka mfukoni mwa mzazi, mwalimu hakuwa na nguvu ya kukataa. Mtoto aliyecheza kutwa harudi nyumbani na kitu cha kuonyesha. Aliyenakili herufi ana daftari lenye alama nyekundu za vema, na daftari hilo ndilo lililofanya ada ya mwezi ujao ilipwe. Huu ndio ufunguo wa historia nzima ya baadaye. Mwaka 1984 serikali ilifungua kituo cha taifa cha elimu ya watoto wadogo katika Taasisi ya Elimu ya Kenya, baada ya mradi wa majaribio wa miaka kumi uliofadhiliwa na wakfu wa Bernard van Leer wa Uholanzi, na vituo vya wilaya vikaanza mwaka uliofuata. Walimu walifundishwa kwamba mtoto mdogo hujifunza kwa kucheza, kwa hadithi, kwa vifaa vya kuokotwa nyumbani, kwa lugha anayoielewa. Mafunzo hayo yalikuwa mazuri na walimu wengi waliyapenda. Waliporudi vijijini wakakuta mlango wa darasa la kwanza ni ule ule na anayewalipa ni yule yule. Mwaka 1985 mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulianza, shule zikapangwa kwa matokeo ya darasa la nane, na shule binafsi zilizoongezeka katika miji kama Meru, Chuka na Embu zikafanya usaili wa darasa la kwanza kuwa jambo la kawaida. Hata baadhi ya shule za umma zenye jina ziliiga.

Mwaka 2003 ulileta jaribio ambalo hakuna aliyelipanga. Serikali ya Mwai Kibaki ilifuta ada katika shule za msingi, na wanafunzi nchini wakaongezeka kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2 mwaka huo. Nasari hazikuguswa na msamaha huo, ziliendelea kulipiwa. Katika sehemu nyingi za Kenya wazazi wakawatoa watoto nasari, wakawaweka nyumbani hadi umri wa darasa la kwanza, kisha wakawapeleka moja kwa moja kwenye shule ya bure. Maafisa wa elimu walisikitika, na wengine walisema wazazi hawajui thamani ya elimu ya awali. Mimi naona wazazi walisema ukweli waliokuwa wamefundishwa na mlango wenyewe kwa miaka 30: kama nasari ni tiketi, na geti sasa liko wazi, ya nini kununua tiketi? Uji na ulinzi vilikuwa vimekwisha kusahaulika kama sababu za kumpeleka mtoto.

Sasa tuangalie waliyoyaona watafiti. Kuanzia mwaka 1984 kikosi cha Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, kikishirikiana na Chuo Kikuu cha Nairobi, kilifuatilia familia za Kyeni, wilayani Embu, kikiongozwa na daktari wa watoto Charlotte Neumann na mwanasaikolojia Marian Sigman miongoni mwa wengine. Waliketi bomani na kuandika nani anamsemesha mtoto anayejifunza kutembea, na mtoto akitoa sauti nani anamjibu. Waliosemeshwa mara nyingi na kujibiwa walifanya vizuri zaidi katika vipimo vya akili vya umri wao. Lugha iliyozungumzwa humo ilikuwa Kiembu. Utafiti ukiendelea, ukame wa mwaka 1984 ukaingia, mwaka ambao Wakenya wanaukumbuka kwa mahindi ya njano kutoka ng'ambo. Watafiti wakaona familia zikiwakinga wadogo kabisa, huku watoto wa shule wakipungukiwa. Uwanjani walicheza kidogo, na darasani usikivu wao ulishuka. Mwalimu asiyejua kilichopikwa usiku uliotangulia angeandika kwamba mtoto ni mzembe.

Mwaka 1998 walirudi Kyeni na jaribio ambalo linastahili kuelezwa kwa utaratibu. Shule 12 za msingi ziligawanywa mafungu manne kwa bahati nasibu. Watoto wa darasa la kwanza wa fungu moja walipewa githeri yenye nyama ya kusaga, la pili githeri na bilauri ya maziwa, la tatu githeri iliyoongezwa mafuta tu, na la nne halikupewa chakula, ila kila familia yake iliahidiwa mbuzi wa maziwa mwishoni. Chakula kilipikwa kila siku ya shule kwa karibu miaka miwili. Waliokula nyama walipiga hatua kubwa kuliko wote katika kipimo cha kufikiri kwa michoro, na uwanjani ndio waliochangamka zaidi, wakianzisha michezo na kuwaongoza wenzao. Matokeo hayakuwa safi kila upande: maziwa hayakusaidia katika kipimo hicho cha michoro, na katika kuelewa maneno mafungu hayakutofautiana kwa namna ya kutajika. Lakini hakuna aliyeongezewa kitabu wala saa ya masomo. Kilichobadilishwa ni githeri.

Kutokana na vipindi hivyo viwili yalitoka matokeo ambayo mimi huyaona makubwa kuliko yote. Tamara Daley na wenzake, katika makala ya mwaka 2003, walilinganisha watoto wa takriban miaka saba wa Kyeni wa mwaka 1984 na wa mwaka 1998 kwa vipimo vile vile. Katika miaka 14 tu alama za kufikiri zilikuwa zimepanda sana. Walipotafuta sababu waliona familia zenye watoto wachache, wazazi waliosoma zaidi, hasa akina mama, na lishe na afya bora. Watoto wa Embu walikuwa wameandaliwa kwa shule na mama anayesoma, sahani isiyo tupu, na nyumba ambamo mtu mzima ana nafasi ya kumjibu mtoto.

Kuna pingamizi ambazo hazifai kupuuzwa. Ya kwanza ni kwamba jaribio la githeri liliwahusu watoto waliokwisha kuingia darasa la kwanza, kwa hiyo halithibitishi lolote kuhusu nasari. Ni kweli kwamba halikupima nasari. Lakini kama chakula kinabadili kufikiri kwa mtoto wa miaka saba, mzigo wa kuthibitisha uko kwa anayedai kwamba hakina kazi kwa wa miaka minne, umri ambao mwili na ubongo vinakua kwa kasi zaidi. Ya pili ina uzito wa haki: watoto wa matajiri mjini wanafundishwa kusoma mapema, na ukiwaambia maskini wa Tharaka wacheze na kunywa uji unawafungia nje. Naikubali hofu hiyo. Sisemi herufi ziondolewe nasari. Mtoto aliyeshiba, anayesimuliwa hadithi kila siku kwa lugha anayoijua, huzipokea herufi haraka zinapokuja. Mwenye njaa anayenakili ubaoni neno la Kiingereza asilolielewa huzisahau. Dhuluma iko kwenye mlango unaomhukumu mtoto wa miaka sita kwa alichonunuliwa na wazazi wake, na dawa yake ni kuuondoa mtihani mlangoni. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ilikwisha kuzikataza shule za umma kumpa mtoto mtihani kama sharti la kumpokea. Ya tatu ni kwamba ninatamani zamani. La. Msichana aliyebeba mdogo wake alilipia malezi yale kwa elimu yake mwenyewe, na asirudishwe kamwe kwenye kazi hiyo. Kwa sababu hiyo hiyo nasari inapaswa kuifanya kazi yake yote, pamoja na kulisha na kuzungumza.

Katiba ya mwaka 2010 ilizikabidhi serikali za kaunti elimu ya awali na vituo vya kulelea watoto, na tangu mwaka 2013 kaunti za Meru, Tharaka-Nithi na Embu ndizo zenye dhamana. Mtaala mpya ulioenea nchini mwaka 2019 umeweka madarasa mawili ya awali, PP1 na PP2, na kwa maandishi unasisitiza kucheza na lugha ya mtoto. Yamejengwa madarasa ambapo palikuwa na vibanda, na walimu wameajiriwa ambao zamani wangengoja ada. Hilo la mwalimu ndilo lenye maana kuliko matofali, kwa sababu mwalimu anayelipwa vizuri na kaunti anaweza kumwambia mzazi hapana: leo hatukuandika, leo tulisimuliana. Mwalimu wa mkataba mfupi, asiyejua kama ataitwa tena mwaka ujao, hawezi kusema hivyo, na atarudi kwenye daftari lenye vema nyekundu.

Kwa hiyo nawaomba wazazi wa kaunti hizi tatu jambo moja linalowezekana mwaka huu. Kaunti zinawajibika kisheria kuwasikiliza wananchi kabla ya kupitisha bajeti. Mikutano hiyo huitishwa, na mara nyingi barabara na maji humaliza saa zote. Nendeni, simameni, muulize mambo mawili kuhusu nasari ya karibu nanyi: mwalimu wake ameajiriwa kwa masharti gani, na uji wa saa nne asubuhi umetengewa shilingi ngapi. Msiketi kabla ya kujibiwa.